Reli za Mwaloni

Afisa wa mahakama alifunga mnyororo kwa mikono yake mwenyewe, mara tatu kuzunguka nguzo ya gati na mara mbili kwenye pete ya omo, mbele ya chombo, kisha akatia kufuli. Hakuwa na haraka wala kiburi. Kiangazi kilichopita alikuwa amepanda chombo hichohicho pamoja na mkewe, wakapelekwa mpaka ghubani na kurudishwa kwa nguvu ya mvuke, pasipo tanga wala kasia, na mkewe akasimulia safari hiyo majira yote ya baridi. Alipomaliza akampa Teunis Banta karatasi, akamwomba radhi, akapanda farasi wake akaenda zake.

Lysbet, mke wa Teunis, aliyaona yote akiwa mlangoni pa jikoni, unga mikononi. Mungu amsamehe, jambo la kwanza alilolihisi ni nafuu. Alisema moyoni: basi, yamekwisha.

Karatasi ile ilisema kwamba jimbo la ng'ambo limempa mtu mwingine haki ya pekee ya kuendesha vyombo vya mvuke katika maji yake, na ghuba ilihesabiwa kuwa maji yake. Mtu huyo alikuwa na kampuni, mawakili na marafiki bungeni. Teunis alikuwa na karakana kando ya Mto Hackensack, shemeji mhunzi, na miaka ishirini na miwili ya kuhangaika na boila. Chombo chake kilikuwa kizuri kuliko cha yule bwana, kila mtu alijua hivyo, lakini mahakama haikuulizwa kipi ni kizuri.

Hicho kilikuwa chombo cha pili. Cha kwanza kiliharibika miaka saba kabla, siku ya majaribio, boila ilipopasuka katikati ya mto. Vijana wawili walikuwamo pamoja na Teunis. Casparus Terhune, mtoto wa pekee wa mjane Antje wa nyumba ya pili, alikufa palepale. Dirk Banta, mwana wa Teunis na Lysbet, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu, alikaa siku mbili akiwa ameungua toka shingoni hadi magotini, kisha naye akafa. Teunis alikuwa upande wa omo, akarushwa majini akapona.

Juu ya boila kuna vali, kifuniko kidogo kinachokandamizwa na mkono wa chuma wenye uzito mwishoni. Mvuke ukizidi, unakiinua kifuniko na kutoka. Ukiongeza uzito, mvuke unabaki ndani, na mashine inapata nguvu isiyo yake. Waliokuja kuchunguza ajali walikuta uzito wa pili umetundikwa. Teunis aliwaambia kwamba Dirk ndiye aliyeutundika, kwa pupa ya ujana, ili chombo kiende mbio. Kila mtu aliamini, maana Dirk alikuwa hodari wa kushindanisha farasi barabarani hata siku ya Jumapili. Tangu siku ya mazishi, Antje Terhune hakumsemesha Lysbet. Kanisani alihama benchi, akaenda kukaa upande wa pili, na wakikutana njiani alikuwa akiangalia mashamba mpaka wapishane.

Baada ya msiba Teunis aliapa hatagusa tena mvuke. Kiapo kilidumu miezi mitatu. Lysbet hakugombana naye. Alimpikia, alimfulia, akakataa kutia mguu karakana.

Sasa kwa kuwa mto umefungwa, alidhani mumewe atarudi kuwa mtu. Mambo yakawa kinyume. Teunis alilala kitandani siku nne akiwa ameuelekeza uso ukutani. Siku ya tano aliamka akaketi mezani mbele ya uji wa mahindi na maziwa, akautazama mpaka ukaganda. Aliacha kunyoa ndevu. Harmen, kaka yake Lysbet, alikuja kila asubuhi kumtania kama kawaida yake, akamwambia shemeji, kwa ndevu hizo hata mbwa wangu atakubwekea, lakini hakupata jibu, na siku moja alitoka akamwambia dada yake pembeni kwamba bunduki iliyoko juu ya mlango ni heri ikae kwake kwa muda. Akaondoka nayo.

Asubuhi ya kumi Lysbet alikuta kitanda kitupu. Alitoka mbio mpaka gatini. Teunis alikuwa amesimama ndani ya mto na nguo zake zote, mwezi wa Aprili, maji yakimfika kifuani, hatua chache kutoka kwenye chombo chake kilichofungwa. Hakuwa akifanya lolote. Maji yalikuwa yakipwa na kumvuta, naye alikuwa akiyaacha yamvute, nusu hatua kwa nusu hatua.

Lysbet aliingia majini bila hata kuvua viatu. Baridi ilimkata pumzi. Alipomfikia alimshika ukosi wa koti kwa mikono miwili.

"Wameuchukua mto, Lysbet," Teunis alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa.

"Na nchi kavu wamempa nani?"

Hakuwa na maana yoyote. Lilikuwa neno la kumshikia mtu anayeanguka, lolote litakalomgeuza uso. Lakini Teunis aligeuka kweli. Alimtazama kwa muda mrefu, meno yakigongana, kisha akasema kwamba nchi kavu hakuna aliyepewa. Wakatoka majini wakishikana kama wagonjwa wawili.

Jioni ya siku hiyo alikuwa mezani na kipande cha chaki, anachora magurudumu.

Harmen ndiye aliyekwenda kumuuliza afisa kama ni halali kuitoa mashine ndani ya chombo kilichozuiwa. Afisa aliisoma amri mara mbili, akasema imetaja chombo, haikutaja kilichomo tumboni mwake. Wiki hiyohiyo wakaing'oa mashine kwa kapi na ng'ombe sita, wakaipandisha malishoni nyuma ya nyumba, wakaifunga juu ya gari la magurudumu. Kiangazi kizima walipasua mialoni, wakatandika reli za mbao kuzunguka malisho, hatua mia tatu, zikiwa zimepigwa ukanda wa chuma juu. Malisho hayakuwa tambarare. Karibu na mitofaa palikuwa na mwinuko, si mkali, lakini reli zililazimika kupita hapo.

Watu walikuja kuegemea uzio na kucheka. Walisema Banta ameishiwa maji, sasa anasafiri kwenda kuwasalimu ng'ombe. Walimuuliza Harmen nauli kutoka mtofaa wa kwanza mpaka wa tatu ni kiasi gani, naye akawajibu kwamba kwa wenye akili ni bure, kwa hiyo wao watalipa. Teunis hakusikia. Alikuwa amekonda, macho yamemtoka, analala saa nne kwa siku. Aliandikia bunge la jimbo lake mwenyewe barua tatu, kuomba haki ya kujenga barabara ya reli kutoka mto hadi mto, abiria na mizigo waende humo bila kutegemea maji wala upepo. Alimwambia Lysbet kwamba hili likishindikana hana jingine tena. Lysbet alielewa anachosema. Bunduki bado ilikuwa kwa Harmen, lakini mto ulikuwa palepale.

Bunge lilituma waheshimiwa watatu waje waone, wiki ya pili ya Oktoba. Mkubwa wao alikuwa Lucas Van Saun, mwenye vinu viwili vya unga, na kila mtu alijua kwamba akilipenda jambo, matajiri wenzake watalipenda pia.

Mvua ilinyesha siku tatu kabla. Asubuhi ya siku yenyewe iliacha, lakini mwaloni ulikuwa umevimba na chuma kilikuwa kinateleza kama samaki. Walijaribu mara tatu kabla ya wageni kufika, na mara zote tatu gari lilikwama kwenye mwinuko, magurudumu yakizunguka mahali pamoja, kisha likarudi nyuma taratibu. Harmen alileta majivu kwa ndoo akayamwaga juu ya reli. Teunis alikuwa mweupe kama chokaa.

Waheshimiwa walifika saa sita mchana, wakasimama penye uzio wakiwa wamevaa makoti marefu. Lysbet aliwapa juisi ya matofaa na vitumbua vya moto, akasimama kando yao. Gari likaondoka, likapita sehemu ya tambarare vizuri, mheshimiwa mmoja akaguna kwa mshangao, likafika kwenye mwinuko likakwama. Likarudi nyuma. Van Saun alitoa saa yake mfukoni. Hakucheka, alikuwa mtu mwenye adabu, lakini aliitazama ile saa kwa namna ambayo kicheko kingekuwa afadhali.

Ndipo Lysbet alipomwona mumewe akiinama kwenye sanduku la vyombo, akitoa kipande cha chuma cha mviringo, na kukitundika mwishoni mwa mkono wa vali.

Alikuwa hajawahi kukiona, lakini alikijua. Miaka saba kilikuwa kikimjia ndotoni. Aliweka sinia juu ya nguzo ya uzio, akavuka malisho katikati ya matope, akapandisha sketi yake, akapanda garini, akaketi juu ya ubao ulio kando ya boila. Joto lake lilimpiga shavuni.

"Shuka, Lysbet," Teunis alisema.

"Endesha."

"Shuka, nakuomba. Huwezi kukaa hapo."

"Kwa nini nisikae? Dirk si alikaa hapa?" Alinyoosha kidole kwenye kile chuma. "Ndivyo alivyofanya? Alikitundika hivyo?"

Teunis alikuwa ameshika wenzo wa mvuke. Aliuachia. Boila ilikuwa inanguruma. Penye uzio, mbali vile, hakuna aliyeweza kusikia.

"Dirk hakutundika kitu," alisema. "Ni mimi. Yeye alinikataza. Alisema, baba, usifanye hivyo, na Casparus naye akasema. Niliwaambia wanyamaze, nikaenda mbele kutazama mwendo."

Lysbet hakulia. Baadaye alijishangaa kwa hilo. Alimtazama mwanaume aliyelala naye miaka thelathini na mmoja, akaona jinsi masikio yake yalivyo makubwa, kana kwamba hajawahi kuyaona.

"Kitoe," alisema.

Teunis alikitoa kwa mkono mtupu, kikamuunguza kiganja, na vali ikainuka ikapiga mbinja ndefu. Lysbet alishuka. Hakurudi penye uzio, alipita katikati ya mitofaa moja kwa moja hadi nyumbani. Akiwa jikoni alisikia Harmen akipiga kelele waongeze majivu, waongeze na mchanga, kisha mashine ikikohoa, ikitulia, ikikohoa tena. Halafu akasikia makofi. Gari lilikuwa limeupanda mwinuko kwa nguvu yake yenyewe, kwa mwendo wa mtu anayetembea, likazunguka malisho yote na kurudi pale lilipoanzia. Harmen alisema baadaye kwamba shemeji yake aliendesha mzunguko mzima huku machozi yanamtoka, na waheshimiwa wakadhani ni furaha.

Tangu siku hiyo Lysbet alihamia chumba cha Dirk. Alimwekea mumewe chakula mezani, akala cha kwake amesimama. Mara moja tu, mwezi wa Novemba, alimwambia anachotaka: asimame kanisani, Antje Terhune akiwepo, aseme.

Teunis alimsihi. Alisema atasema, anaapa, lakini asubiri hadi masika. Van Saun ameahidi kwamba bunge likikubali, yeye na wenzake wataijenga barabara. Wakishatia saini, atasimama mbele ya yeyote. Akisema sasa, nani atamkabidhi boila mtu aliyeua watoto wawili na kumsingizia mmoja wao?

"Antje ana miaka sitini na minane," Lysbet alijibu. "Yeye ndiye wa kusubiri masika?"

Hakulisema tena. Desemba ikapita, Januari ikapita, theluji ikazifunika reli malishoni. Teunis alizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza kitu asichokikumbuka. Harmen alipoambiwa, na Lysbet mwenyewe, aliacha utani kwa wiki nzima, na alipokutana na shemeji yake hakujua aweke wapi mikono.

Mwishoni mwa Februari barua ya bunge ilifika, ikiwa na muhuri mwekundu. Haki imetolewa, reli kutoka mto hadi mto. Hakuna mtu katika nchi ile aliyekuwa amewahi kupewa karatasi ya namna hiyo, au ndivyo Teunis alivyoamini. Siku mbili baadaye Van Saun akatuma neno kwamba Jumatatu atakuja na wenzake wanne kutia saini.

Jumamosi mchana Teunis alipiga hodi kwenye chumba cha mwanawe. Lysbet alikuwa akikunja shuka. Pembeni palikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu nguo zake. Dada yake aliyeko Paramus alikuwa amemkaribisha.

"Nikisema kesho, Jumatatu hawatakuja," Teunis alisema.

"Najua."

"Miaka ishirini na mitatu sasa, Lysbet. Sina mingine."

"Najua hilo pia."

"Na bado unataka."

"Sitaki tena, Teunis." Alilaza shuka kikapuni. "Nimechoka kutaka. Ukisema, sema kwa ajili yako. Mimi Jumatatu nakwenda kwa dada yangu, useme usiseme."

Teunis alikaa mlangoni kidogo, mkono juu ya mwimo, kisha akaenda zake. Lysbet alimsikia akitoka nje. Alisimama, shuka la pili mikononi, akihesabu hatua zake kwenye theluji, maana kulia ni karakana na kushoto ni mto. Hatua zilisimama. Zilikaa zimesimama muda mrefu kiasi kwamba alilitupa shuka na kwenda dirishani. Teunis alikuwa amesimama njia panda bila kofia. Kisha akageuka, akarudi ndani, akaketi jikoni.

Jumapili, mchungaji alipomaliza mahubiri na kabla ya zaburi ya mwisho, Teunis Banta alisimama kwenye benchi lake. Mchungaji alidhani anaumwa. Teunis alisema hana maneno mengi. Alisema siku ile ya mto uzito wa pili aliutundika yeye. Mwanawe alimkataza na Casparus Terhune alimkataza. Aliwadanganya wachunguzi, aliwadanganya majirani, na mwanawe alikuwa bado hai chumba cha pili alipotamka uongo huo mara ya kwanza. Kisha akaketi. Hakuomba asamehewe. Mchungaji alikosea namba ya zaburi akalazimika kuitafuta upya.

Van Saun hakuja Jumatatu. Ilikuja barua ya adabu, mistari minne. Hakuna mwingine aliyetia saini mwaka huo, wala mwaka uliofuata, na haki ya bunge ikafa kwa kukaa bila kutumika. Harmen aliichukua mashine akaifungia msumeno, ikapasua mbao kwa miaka mingi bila kumdhuru mtu. Teunis aling'oa reli mwenyewe, moja moja, akajengea zizi. Aliishi miaka minne baada ya hapo. Mtoni hakwenda tena, ila kila mgeni aliyemtembelea alimchorea kwa chaki barabara ya reli mezani, akamweleza kwamba magari yatakimbia humo haraka kuliko farasi, na wageni waliitikia kwa kichwa wakimalizia bia yao.

Lysbet alikwenda Paramus kama alivyosema, akakaa hadi mwezi wa Mei. Alipoulizwa kwa nini alirudi, alijibu kwamba mitofaa ilikuwa inachanua na Teunis hajui kupogoa. Walikula pamoja, wamekaa. Chumba cha Dirk hakukihama.

Lakini kabla Lysbet hajakwenda Paramus, Jumatatu ileile asubuhi, kikapu kikiwa tayari mlangoni, Antje Terhune alikuja. Alikuja na fimbo kwenye theluji, akaingia bila kupiga hodi kama alivyozoea zamani, akavuta kiti karibu na moto. Lysbet alimmiminia maziwa ya moto. Teunis alikuwa karakana, na Antje hakumuuliza, wala hakuwahi kulitaja jina lake tena mpaka alipokufa.

"Nimemlaani mtoto wa watu miaka saba na nusu," Antje alisema mwishowe. "Kila nilipopita kaburini pake."

"Hukujua, mama."

"Sikujua." Alizungusha kikombe mikononi. "Zile siku mbili, alizungumza?"

"Alizungumza."

"Alisema nini?"

Lysbet aliketi. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Alikuwa anamuulizia Casparus. Kila akizinduka, Casparus yuko wapi. Nikamwambia yuko kwenu, umemfunga bandeji, anaendelea vizuri, amekula."

Antje aliwaza juu ya hilo, macho kwenye moto.

"Ulimwambia amekula nini?"

"Uji na maziwa."

"Alikuwa hapendi uji," Antje alisema, na kikombe kikamwendea upande hata maziwa yakamwagika sakafuni. "Ungemwambia chapati za ngano nyeusi. Hizo angezila hata akiwa mgonjwa."

Lysbet alichukua kikombe kutoka mikononi mwake, akakiweka chini, akavuta kiti chake karibu na cha yule mama mpaka magoti yao yakagusana.